Corelli, Opus 2 (1685): "violone o cimbalo". Hiyo "o" ni "au" kweli, au tuisome "na"?

#1 FidlaYaPili
Wakuu, salaam.

Jalada la Opus 2 ya mtunzi Mwitaliano Arcangelo Corelli, iliyochapwa Roma mwaka 1685, linasema hizi ni sonata za chumbani za sauti tatu: "doi violini, e violone o cimbalo". Fidla mbili, na violone (chombo cha besi cha upinde) o cimbalo (hapsikodi). Kwa Kitaliano "o" ni "au". Lakini rekodi nyingi za leo zina selo na hapsikodi pamoja chini ya fidla, na baadhi huongeza hata tiorba, aina ya gambusi ndefu yenye nyuzi za besi.

Dai langu ni kwamba tunapiga kinyume na jalada. Besi ni ya mtu mmoja. Selo ikiwepo, hapsikodi ikae. Hapsikodi ikiwepo, selo ipumzike. Mwenye hoja ya kupinga aiweke hapa.

#2 RishaYaKunguru
Napinga. Fungua kitabu cha besi utazame juu ya nota: kuna tarakimu. 6, 7 6, 4 3, alama za kupandisha na kushusha. Tarakimu ni maelekezo ya akodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja. Nota E yenye 6 juu yake inamwambia mpiga kinanda aweke C na G juu ya E, si B. Mpiga selo hana kazi na hiyo 6, yeye anapiga E basi. Sasa kama selo peke yake inatosha, mchapaji alizipanga hizo tarakimu kwa ajili ya nani?

#3 BesiKavu
#2, kwa ajili ya yule atakayechagua cimbalo. Kitabu ni kimoja na kinauzwa kwa wote wawili. Mwenye selo anaziruka tarakimu, mwenye hapsikodi anazisoma.

Halafu linganisha na Opus 1 ya 1681. Ile ina vitabu vinne: fidla ya kwanza, fidla ya pili, "violone, o arcileuto" (gambusi kubwa yenye nyuzi za besi), na cha nne "col basso per l'organo", yaani pamoja na besi ya ogani. Corelli alipotaka vyombo viwili kwenye besi aliandika hivyo na akachapisha vitabu viwili. Opus 2 ina vitabu vitatu tu. Hilo haliwezi kuwa bahati mbaya.

#4 Mgeni_wa_Nota
Samahani wakuu, hapsikodi ni kinanda cha namna gani? Ni piano ya zamani?

#5 RishaYaKunguru
#4 karibu. Si piano. Piano hugonga uzi kwa nyundo, hapsikodi huudonoa. Ukibonyeza kitufe, kijiti chembamba kinapanda, na ubavuni mwake kuna risha iliyochongwa kutoka unyoya wa kunguru (siku hizi wengi huweka plastiki) inayokwanyua uzi. Ukiachia, kijiti kinashuka na kitambaa kidogo kinauzima uzi pale pale. Ukiijua kanuni ya taarab, fikiria kanuni iliyofungiwa vitufe. Tofauti kubwa ni kwamba mpiga kanuni anaweza kudonoa kwa nguvu au kwa upole. Kwenye hapsikodi nguvu ya kidole haibadilishi ukubwa wa sauti kwa kiasi cha maana. Shika hilo kichwani, litarudi kwenye mjadala huu.

#6 Mgeni_wa_Nota
Nimeelewa, asante.

#7 SimbaWaBologna
Naomba niongeze historia kidogo. Opus 2 aliitoa kwa Malkia Christina wa Sweden, ambaye nyumbani kwake Roma kulikuwa na wapiga vinanda wazuri. Kwa hiyo hapsikodi ilikuwepo chumbani muda wote.

#8 BesiKavu
Sahihisho, mkuu #7. Christina alitolewa Opus 1. Opus 2 ilitolewa kwa Kardinali Benedetto Pamphili, Opus 3 (1689) kwa Francesco II d'Este wa Modena, na Opus 4 (1694) kwa Kardinali Pietro Ottoboni.

#9 SimbaWaBologna
Kweli, nimechanganya. Ila hoja inabaki, kwa sababu Pamphili naye ndiye aliyekuwa mwajiri wake.

#10 FidlaYaPili
Hapo napo polepole. Corelli aliingia kazini kwa Pamphili mwaka 1687, miaka miwili baada ya Opus 2. Kutoa kitabu kwa heshima ya mtu si kuajiriwa naye, wakati mwingine ni kumbishia hodi.

#11 Oktava_Fupi
Wote mnaongelea jalada. Mimi nataka tuongelee kutuni, maana hapo ndipo mwenye hapsikodi anapobanwa.

Tazama sonata 12 za Opus 2 kwa mpangilio wake: D meja, D maina, C meja, E maina, B-flat meja, G maina, F meja, B maina, F-sharp maina, E meja, E-flat meja, na ya mwisho ni Ciaccona (dansi juu ya besi inayojirudia) ya G meja. Sasa tuni hapsikodi kwa mintoni, ule mpangilio wa zamani wenye tatu safi (tatu ni umbali wa nota tatu, kama C hadi E; tano ni umbali wa nota tano, kama C hadi G), ambao bado ulitumika sana Italia. Hatua ni hizi:

Chukua A kwenye uma wako wa kutunia. Tuni F iliyo chini yake iwe tatu safi kabisa, isitikisike hata kidogo. Kati ya F na A weka C, G na D, ili zile tano nne (F–C, C–G, G–D, D–A) ziwe nyembamba kwa kiasi kimoja. Kila moja inapungua karibu senti 5.4 kutoka tano safi, na senti ni sehemu moja ya 100 ya nusu toni. Utasikia kila tano ikitikisika polepole, ndivyo inavyotakiwa. Kisha zilizobaki zote ni tatu safi: C–E, G–B, D–F-sharp, A–C-sharp, E–G-sharp kwenda juu, na kwenda chini, D–B-flat, G–E-flat. Umemaliza vitufe 12.

Tatizo ni kwamba kitufe kimoja hakiwezi kuwa E-flat na D-sharp kwa pamoja. Kwenye mintoni D-sharp iko chini ya E-flat kwa karibu senti 41, karibu nusu ya nusu toni. E meja inataka akodi ya B yenye D-sharp. Ukimpa E-flat badala yake, tatu inayopaswa kuwa senti 386 inakuwa 427. Hata asiye mwanamuziki ataguna. Na tano ya G-sharp hadi E-flat inafika karibu senti 737. Wazungu waliiita mbwa mwitu kwa sababu inabweka.

Kwa hiyo sonata namba 9 na namba 10 zinaikataa hapsikodi ya mintoni. Fidla na selo hazina tatizo hilo kwa sababu kidole kinasogea tu. Naona hapo "violone" ndiyo chaguo la kwanza.

#12 Kimya_na_Nukta
#11 umenena vizuri ila umesahau namba 4. E maina nayo inataka D-sharp kila inapofunga sentensi. Na namba 8, B maina, inataka A-sharp, wakati kitufe chako ni B-flat. Na namba 11 inakugeukia upande wa pili: E-flat meja inataka A-flat, wewe una G-sharp.

#13 Oktava_Fupi
Ni kweli, namba 4 na 8 ziingie kwenye orodha. Hizo zinaongeza uzito upande wangu.

#14 RishaYaKunguru
Haziongezi uzito wowote, mkuu. Kutuni upya si kazi ya siku nzima. Hapsikodi ya Kitaliano ya kawaida ina safu mbili za nyuzi za futi 8 (zinazolia pale ilipoandikwa nota) na upana wa C/E hadi c ya tatu juu ya c ya kati... 

#15 BesiKavu
c ya tatu ukihesabu kuanzia c ya kati yenyewe. Juu ya ile ya kati ni oktava mbili tu.

#16 RishaYaKunguru
Ndiyo, oktava mbili juu ya c ya kati. Nilikosea kuandika. Kwenye upana huo, kwa sababu ya oktava fupi, E-flat iko mahali patatu tu. Mara safu mbili, ni nyuzi sita. Unazishusha mpaka kila D-sharp iwe tatu safi juu ya B, umepata namba 4 na namba 10. Kwa namba 11 unazirudisha, kisha unapandisha G-sharp ziwe A-flat, tatu safi chini ya C. Hizo nazo ni nyuzi sita. B-flat kwenda A-sharp ni mahali panne, nyuzi nane. Dakika chache kati ya sonata na sonata.

Tahadhari mbili. Kwanza, msiweke namba 10 na 11 zikifuatana kwenye programu, utageuza vitufe viwili mbele ya watu. Pili, uzi uliosogezwa sasa hivi hupenda kurudi ulikotoka. Tuni, piga kitufe mara kumi, sikiliza tena, rekebisha. Asiyefanya hivyo ataisikia D-sharp ikipanda polepole kufikia katikati ya Giga, ile dansi ya haraka.

#17 Sauti_ya_Tatu
Pia kulikuwa na hapsikodi za Italia zenye vitufe vilivyopasuliwa, nusu ya mbele nota moja na nusu ya nyuma nyingine. Huhitaji kutuni upya. Na asiye navyo anaweza kuiacha tatu: piga besi na tano au oktava, mwachie fidla aiseme D-sharp kwa usafi wake. Fidla tayari inayo hiyo nota mara nyingi. Kuirudia kwenye hapsikodi ni kugombana nayo bure.

#18 Oktava_Fupi
#17 hilo la kuacha tatu nalikubali moja kwa moja. Ila F-sharp maina hairuhusu ujanja mwingi. Akodi ya C-sharp inataka E-sharp, na kitufe chako ni F. Kila kifungo cha sentensi ni hivyo hivyo. Ukiacha tatu kila mara, hapsikodi inabaki kupiga besi tupu, na hapo selo inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

#19 Mgeni_wa_Nota
Oktava fupi ni nini? Jina la mkuu na kitu kimoja?

#20 Oktava_Fupi
Jina limetoka huko. Upande wa kushoto kabisa wa kinanda kitufe kinachoonekana ni E, lakini uzi wake ni C. Kitufe kinachoonekana F-sharp kinalia D, na kile cha G-sharp kinalia E. F, G, A ziko mahali pake. Waliokoa mbao na nyuzi kwa nota ambazo hazikuhitajika sana wakati huo. Hasara ni kwamba F-sharp na G-sharp za chini kabisa hazipo. Ukikutana nazo kwenye besi unazipeleka oktava moja juu, na mstari wa besi unavunjika. Hiyo nayo ni hoja yangu juu ya namba 10. E meja isiyo na F-sharp wala G-sharp ya chini ni kama nyumba yenye ngazi zilizong'oka mbili.

#21 Mpanga_Viti
Naona mmesahau neno lenyewe "violone". Wengi hapa wanasema selo. Violone si kontrabasi? Kama ni kontrabasi, inalia oktava chini, na hapo lazima kuwe na chombo kingine juu yake. Basi "o" inakuwa "na".

#22 BesiKavu
Hapana. Roma na Bologna ya miaka hiyo violone ilikuwa jina la besi ya familia ya fidla, chombo cha futi 8, kinacholia pale ilipoandikwa nota, kikubwa kidogo kuliko selo ya leo. Mpigaji aliyefanya kazi kwa karibu na Corelli, Giovanni Lorenzo Lulier, aliitwa "Giovannino del Violone", na alikuwa mpiga selo kwa maana tunayoielewa. Usimpe kontrabasi sehemu hii peke yake: fidla mbili zitakuwa juu, besi shimoni, na katikati kuna uwazi mkubwa.

#23 Mpanga_Viti
Sawa, nimesahihishwa. Nabaki na swali la viti, nitarudi.

#24 Sauti_ya_Tatu
Hebu tuingie ndani ya muziki wenyewe, maana hakuna aliyetaja fidla mbili zinafanya nini.

Kwenye Preludio (sehemu za ufunguzi) nyingi za Corelli besi inatembea kwa hatua sawa, na juu yake fidla mbili zinagongana. Moja inashika nota, nyingine inakuja kukaa karibu nayo kabisa, zinasuguana kwa pili, kisha ile ya kwanza inashuka hatua moja na mambo yanatulia. Kabla hujapumua zinasuguana tena. Besi pamoja na fidla mbili mara nyingi zimeshakamilisha akodi. Hakuna pengo la kujazwa.

Sasa anakuja mpiga hapsikodi anasoma 7 6. Kosa la kwanza, na ni la kawaida sana: anapiga 6 mapema. Fidla bado inasugua kwenye 7, mkono wake umeshaweka jibu. Ule msuguano ambao Corelli aliupanga kwa makini umekufa. Kosa la pili ni kupiga akodi kamili kwenye kila nota ya besi inayotembea. Hapsikodi haina kupunguza nguvu (rudi #5), kwa hiyo kila akodi ina uzito ule ule, na Preludio inakuwa cherehani.

Dawa: piga akodi moja kwa kila nota mbili au nne za besi. Penye 7 6 au 4 3 piga besi na zile nota ambazo hazisuguani tu, nyingine waachie fidla. Penye kifungo cha mwisho fungua akodi nota baada ya nota kutoka chini, taratibu. Ukifanya hivyo hapsikodi na selo zinaweza kuishi pamoja. Usipofanya hivyo, #1 ana haki ya kuitoa nje.

#25 RishaYaKunguru
#24 nakuunga mkono isipokuwa "hakuna pengo". Francesco Gasparini alichapisha kitabu cha kufundisha besi ya tarakimu Venice mwaka 1708, na humo mpiga cimbalo anafundishwa kuongeza hata nota za msuguano zisizoandikwa, zinazopigwa pamoja na akodi na kuachiwa haraka. Waitaliano hawakuogopa akodi nene. Wewe unafundisha adabu ya leo.

#26 Sauti_ya_Tatu
Gasparini anafundisha zaidi ya jambo moja. Nota zile za msuguano ni mwafaka hasa kwa mwimbaji anayesema maneno kwa uhuru, pale hakuna fidla mbili zinazosuguana tayari. Viungo vile vile, chungu tofauti.

#27 Kimya_na_Nukta
Kuna jambo moja linaunganisha mambo haya yote na nashangaa halijatajwa: ugomvi wa tano za sonata namba 3.

Kwa wasioujua. Allemanda (sehemu ya dansi) ya kwanza ya namba 3, C meja, ina mahali ambapo fidla ya kwanza na besi zinashuka pamoja na kukutana kwenye tano, tano, tano. Sheria ya ufundi inasema tano sambamba ni mwiko. Bologna walishtuka. Kitabu kilitoka 1685, na mwaka huo huo Matteo Zani aliandika barua kumuuliza Corelli kuhusu mahali hapo. Nyuma ya swali alikuwepo Giovanni Paolo Colonna, mkuu wa muziki wa kanisa la San Petronio huko Bologna. Corelli akajibu tarehe 17 Oktoba 1685, na akajibu kwa hasira ya mtu aliyeguswa.

Hoja yake: kwenye besi, baada ya kila nota, kuna kimya kifupi. Kimya hicho kimekaa mahali pa nukta. Angeweka nukta, nota ingeendelea, na hata wanaoanza kusoma sheria wasingeona tatizo. Yeye aliweka kimya ili nota ikatike na kufifia, kwa kuwa inapendeza zaidi masikioni. Akataja pia kwamba wakubwa wa Roma, Francesco Foggia, Antimo Liberati na mwalimu wake Matteo Simonelli, waliona yuko sawa.

Sasa rudini kwenye swali la #1. Selo ikiwa peke yake, upinde unanyanyuka na kimya kinasikika kama kimya. Hapsikodi ikiwepo, mkono wa kulia unafanya nini kwenye kile kimya? Ukishikilia akodi, umeigeuza kuwa nukta, umempa Corelli utetezi lakini umemnyang'anya ule mkato alioutaka. Ukiachia, kitambaa kinazima nyuzi pale pale, na tano zinabaki uchi kuliko hata kwenye selo, kwa sababu selo bado ina mlio kidogo unaobaki mwilini mwake baada ya upinde kuondoka.

#28 FidlaYaPili
#27 hapa ndipo nilipotaka tufike. Corelli anasema "kufifia". Hapsikodi inazimika, haififii. Kinachofifia ni uzi wa utumbo chini ya upinde unaonyanyuliwa. Aliiandika Allemanda ile akiwa na violone kichwani.

#29 RishaYaKunguru
Hapana, mkuu. Kidole cha hapsikodi kinaweza kuachia besi na kushikilia nota moja ya kati, besi ikakatika huku akodi ikibaki nyembamba. Yote mawili kwa mkono mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya mpiga cimbalo mzuri, na Corelli alikuwa karibu na Bernardo Pasquini, ambaye kwenye kinanda hakuwa na mshindani Roma. Aliandika akiwa na mikono ya Pasquini kichwani.

#30 Mpanga_Viti
Kuna uwezekano rahisi kuliko yote: kosa la mpangaji wa herufi. Nota zile zilipangwa moja moja kwa vipande vya risasi, kimya na nukta ni vipande vidogo vinavyochanganyika.

#31 Kimya_na_Nukta
#30, lingekuwa kosa la mchapaji Corelli angeshika kamba hiyo na kujiokoa kwa mstari mmoja. Hakuishika. Alisema alikusudia. Hilo tulifute.

#32 SimbaWaBologna
Na ugomvi si wa nota tu. Corelli alisoma Bologna, akapokelewa kwenye Accademia Filarmonica, chama cha wanamuziki wa mji huo, mwaka 1670 akiwa na miaka 17, na kwenye jalada la Opus 1 alijiita "detto il Bolognese", yaani aitwaye Mbologna. Ukibeba jina la mji, mji unakuwa na haki ya kukuuliza. Bologna walimsahihisha kama mtoto wa nyumbani. Yeye akawajibu kama Mroma, kwa kutaja wakubwa wa Roma. Ndiyo maana barua ilikuwa kali.

#33 BesiKavu
Hilo linaeleza hasira, halielezi tano.

#34 Sauti_ya_Tatu
Maelezo mengine ya tano: fidla mbili za Corelli hupishana mara kwa mara, ya pili inapanda juu ya ya kwanza. Msikilizaji aliye chumbani hafuati "fidla ya kwanza", anafuata iliyo juu wakati huo. Sheria ya tano inapima karatasi, sikio linapima kinachosikika. Colonna aliona. Aliyekaa chumbani huenda hakusikia kitu.

#35 Kimya_na_Nukta
Inawezekana kwa ujumla wake, lakini Corelli mwenyewe hakutumia hoja hiyo. Angekuwa nayo angeitumia, kwa jinsi alivyojitetea.

#36 Nyuzi_za_Utumbo
Nimechelewa. Naingilia kwa upande wa nyuzi kwa sababu #28 kataja utumbo.

Uzi wa utumbo wa kondoo kwenye fidla hautoi jibu haraka kama chuma. Kwa A ya 415 (mitetemo 415 kwa sekunde) wengi huweka E ya karibu milimita 0.62, A karibu 0.80, na D zaidi kidogo ya 1.0. Roma ya wakati ule ilituni chini zaidi, karibu toni nzima chini ya 440, ndiyo sababu wengine leo huchagua 392. Ukishusha kwenda 392 ongeza unene kidogo, la sivyo uzi unalegea na nota fupi za Allemanda zinapiga kelele ya mkwaruzo kabla ya sauti. Kwenye besi ni hivyo hivyo mara mbili: uzi mnene wa utumbo mtupu unahitaji upinde ushike kwanza, ndipo ulie. Kwa Presto, yaani mwendo wa kasi, selo peke yake inachelewa nyuma ya fidla kwa kiasi kidogo unachokihisi zaidi ya kukisikia. Hapsikodi inadonoa papo hapo na kumpa selo ukingo wa nota. Sababu hii ya kuziweka pamoja haihusu tarakimu wala jalada.

Kwa walioko pwani: unyevu ukipanda, ubao wa hapsikodi unavimba na tuni yote inapanda nao, na utumbo nao unahama kivyake. Msituni fidla asubuhi na hapsikodi jioni. Tunini pamoja, chumba kimoja, baada ya vyombo kukaa humo angalau saa moja.

#37 Oktava_Fupi
#36 hilo la ukingo wa nota ni zito. Bado naamini hapsikodi inabanwa kwenye 8, 9 na 10, lakini kwa Giga ya haraka nakubali inasaidia.

#38 BesiKavu
Mimi sijasogea. Vivaldi, Opus 1, Venice 1705: sonata za chumbani za sauti tatu, nazo zinasema violone o cembalo. Miaka 20 baadaye, mji mwingine, neno lile lile. Na Corelli mwenyewe kwenye Opus 5 ya 1700: fidla moja, "e violone o cimbalo". Wote hawa hawakujua neno "e", yaani "na"?

#39 RishaYaKunguru
Neno lile lile likirudiwa miaka 20 kila mahali, huenda ni maneno ya kibiashara ya jalada tu. Mchapaji anataka mwenye selo anunue na mwenye kinanda anunue. Halikatazi mtu kuwa na vyote. Purcell, London 1683, alichapisha sonata zake za sauti tatu na kitabu cha nne kwa ogani au hapsikodi. Kila mji na desturi yake ya uchapaji, na desturi ya uchapaji si desturi ya chumbani.

#40 FidlaYaPili
Basi tuseme hivi: jalada ni ruhusa au ni agizo? Mimi nasema agizo. Wewe unasema ruhusa. Kitabu kimoja cha besi kinanipa nguvu mimi.

#41 Mpanga_Viti
Nimerudi na lile swali la viti, linahusu hapo hapo. Kitabu kimoja kinaweza kusomwa na watu wawili. Mpiga selo akikaa nyuma kidogo ya bega la kushoto la mpiga hapsikodi, anaona kitabu kile kile kwenye kishikio na anaona mkono wa kushoto unaopiga besi ile ile. Wanaondoka pamoja bila kuhesabu. Ukimweka selo upande wa mkia wa hapsikodi, mbali, anasikia nyuzi lakini haoni mkono, na hapo ndipo wanapoachana kwenye mwisho wa Preludio. Kwa hiyo kitabu kimoja hakithibitishi mtu mmoja.

#42 BesiKavu
Hakithibitishi, nakubali. Ila bado kinaelekeza.

#43 Mgeni_wa_Nota
Kwenye taarab fidla na kanuni hupiga wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kivyake. Huku naona kila mtu ana njia yake. Kwa kundi linaloanza, lenye fidla mbili, selo moja na hapsikodi ya kuazima, mngesema lianze na sonata ipi?

#44 Sauti_ya_Tatu
Umeona vizuri kuhusu taarab. Anza na namba 1, D meja, au namba 7, F meja. Hapsikodi ya mintoni haina shida nazo, na vidole vya fidla haviendi mbali. Siku ya kwanza pigeni kwa selo peke yake, bila hapsikodi kabisa, mpaka kila msuguano wa Preludio usikike wazi. Siku ya pili hapsikodi peke yake, selo asikilize. Siku ya tatu wote. Andikeni kwenye nota kila mahali ambapo akodi iliwazibia kitu.

#45 Kimya_na_Nukta
Na mkifika namba 3, ile Allemanda ipigeni mara mbili: mara moja mkono wa hapsikodi ukishikilia ndani ya kimya, mara moja ukiachia. Mpiga fidla wa kwanza ndiye aseme ipi inamtikisa, kwa sababu tano ni zake na besi.

#46 RishaYaKunguru
Na mara ya tatu kama nilivyosema #29: besi iachiwe, nota ya kati ibaki.

#47 Oktava_Fupi
Hakikisheni tu kabla ya hapo E-flat zimerudi mahali pake, kama mlipiga namba 4 kwanza.